Nilipima Jumapili

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima ana maneno matamu, ndiyo maana namwogopa. Alisema, "Bibi Maua, kila mtu darasani ataandika habari ya kazi yake. Tutazikusanya, wenzako wanaoanza wapate kitu cha kusoma." Nikamwambia mimi nimejua kusoma juzi tu, kalamu bado inaniteleza kama sabuni. Akasema niandike hivyo hivyo ninavyosema. Nikamwambia mimi nikianza kusema sinyamazi. Akasema vizuri. Nikamwambia nina mimea inayongoja maji. Akanipa daftari. Sasa mtu akishakukabidhi daftari mbele ya watu, utalitupa wapi? Na yule fundi cherehani wa dawati la mbele amekwisha kuandika kurasa mbili za mishono, anatembea anajisifu. Siwezi kushindwa na mtu anayeshona zipu ikaenda upande.

Tena mwalimu hataki habari ya kazi yangu yote. Anataka ile ya ofisini. Mkaza mwanangu ndiye aliyemsimulia, mdomo wa yule mtoto hauna pazia. Basi nitaiandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwonyesha daftari.

Mimi nauza mimea ya mapambo. Siuzi mchicha, siuzi miche ya machungwa, wala usije kwangu kutafuta dawa ya tumbo. Nauza maua na majani ya kupendezesha nyumba. Kitalu changu kiko nje ya ukuta wa jengo moja la ofisi la ghorofa nne, kwenye kipande cha ardhi chembamba kama mkanda: hatua thelathini na nne kwa urefu, hatua nne kwa upana. Nilikuwa hapo kabla ya huo ukuta. Walipokuja kujenga, msimamizi wa wajenzi aliniona nimekaa katikati ya makopo yangu, akauliza nitaondoka lini. Nikamuuliza yeye ataondoka lini. Akacheka, akasogeza kamba yake ya kupimia. Miaka kumi na tisa sasa.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa mama mmoja aliyependa maua kwa macho tu. Akiona ua zuri sokoni analibeba, analiweka pale panapompendeza yeye, baada ya wiki tatu limekauka, analitupa. Mimi nikalitoa jalalani jioni, nikaenda nalo kwetu ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Nikalisogeza huku na huku, leo dirishani, kesho chini ya bomba, mpaka linyanyue kichwa. Likinyanyua kichwa nimejua linataka nini. Baada ya miaka mitatu uani hapakuwa na pa kukanyaga. Marehemu mume wangu akasema, "Mke wangu, mwakani tutalala wapi, juu ya mawaridi?" Nikamwambia mawaridi yana miiba, alale juu ya makangaga. Ndivyo kitalu kilivyohamia barabarani.

Kwa hiyo msinifundishe. Ua kufa kwa ugonjwa ni mara chache. Maua mengi hufa kwa kuwekwa mahali pa mwenzake.

Lakini nenda ukamwambie hivyo mnunuzi! Anakuja, amesimama kwenye jua, ananyoosha kidole: "Nataka lile jekundu."

"Linakwenda kukaa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi? Upande gani? Jua linafika saa ngapi? Udongo wako mweusi au mwekundu? Maji yakimwagika hapo yanakaa au yanakwenda?"

"Bibi, unauza au unahoji?"

Nahoji. Nimewahi kumnyima mtu mawaridi. Alikuwa na viatu vipya vinavyolia, akataka mawaridi sita ya kupanda chini ya tangi la maji, mahali pasipoona jua tangu liumbwe. Nikamwambia chukua makangaga. Akasema kangaga halina ua. Nikamwambia na waridi lako halitakuwa nalo. Akaondoka na viatu vyake vikilia hadi kwa Plastiki.

Plastiki ni mwanamume mwenye masharubu yake, mtu mzima, anayeuza maua ya plastiki ng'ambo ya barabara. Hapo hapo mbele ya macho yangu! Anayafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, halafu ananiita kwa sauti, "Shangazi! Leo nimemwagilia na mimi!" Namjibu kwamba sina kaka aliyezaa plastiki. Tumekwenda hivyo miaka sita.

Sasa akaja meneja mpya pale ofisini. Mwanamke mwenye umri wa binti yangu, kama ningekuwa na binti. Akatoka nje siku moja, akatazama makopo yangu, akamtazama Plastiki kule ng'ambo, akasema, "Bibi, ukuta huu ni wa ofisi na huu mkanda wa ardhi pia ni wa ofisi. Nataka mkanda huu uwe na mtu mmoja tu, tena mtu anayeifaa ofisi. Ndani tuna uwanja mdogo, wateja wetu wanauona kupitia kioo wakisubiri. Umekauka, unatia aibu. Uupande wewe. Mwezi mmoja baada ya kupanda nitakuja kuuangalia. Ukiwa mzima, mahali hapa ni pako, nitakuandikia barua. Ukiwa umekauka, nitaweka plastiki ndani, na mwenye plastiki atahamia hapa."

Nikamwambia, "Mwanangu, barua anza kuiandika leo."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mlinzi alikuwepo, akasikia.

Mlinzi wa pale tunamwita Kifuli kwa sababu hajui kufungua. Akaniambia amri: siku za kazi siruhusiwi kuingia uwanjani, mteja asione mtu amechutama na udongo mikononi. Kumwagilia nitaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka kabla ya saa moja na nusu. Kupima na kupanda nitafanya Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa.

Nyumbani nikamweleza mkaza mwanangu. Ninaishi naye. Mwanangu ni dereva wa malori, yuko njiani kuliko nyumbani, na huyu mkewe ndiye tunayesukumana naye kitaluni. Ana mikono mizuri ya kupandikiza, sikatai. Ila ana maswali. Akasema, "Mama, tumwombe meneja siku moja ya kazi. Mahali penye watu si sawa na mahali pasipo watu."

Nikamwambia, "Jua lina kalenda? Jua linajua leo ni Jumapili likae nyumbani? Udongo unakwenda likizo?"

"Nimesema tu, Mama."

"Sema na ndoo, uijaze."

Nayaandika maneno yangu yote mawili, la barua na la kalenda, kwa sababu yule mtoto anayasimulia kila mahali na huwa anayaongezea chumvi. Niliyosema ni hayo. Hayahitaji chumvi.

Jumapili tukaingia. Nitawaeleza ninavyopima, maana hili ndilo jambo la maana kwenye daftari hili na mwalimu asilifute.

Kwanza kivuli. Nina vijiti vilivyofungwa vitambaa. Saa mbili asubuhi nachomeka vyenye kitambaa cheupe pale kivuli kinapoishia. Saa saba vyekundu. Saa kumi na moja vyeusi. Jioni nikisimama pembeni naona uwanja wote umegawanyika wenyewe: hapa jua la asubuhi tu, hapa jua la kutwa, hapa hapaoni kitu. Halafu udongo. Nachukua konzi, naulowesha, nausokota viganjani. Ukitoka kamba kama ya unga uliokandwa, huo ni mfinyanzi, maji yatasimama. Ukivunjika vunjika, kichanga, maji yatakimbia. Halafu nachimba shimo la kina cha kiwiko, namimina kopo la maji, nangoja. Likinywa haraka, mmea wenye kiu hautakaa hapo. Lisiponywa, mizizi itaoza. Mwisho upepo. Nafunga uzi mwekundu kwenye kijiti na kuutazama. Upepo ni mwizi, unakunywa maji ya majani huku udongo ukiwa umelowa, na watu wengi hawaupimi.

Mimi niliupima. Uzi haukutikisika. Kutwa nzima umening'inia kama mkia wa paka aliyelala.

Uwanja ukasema hivi. Upande wa mlango wa kioo, jua la kutwa na udongo wa kokoto za wajenzi: hapo nikaweka mishubiri na bogenvilia moja. Kona ya bomba linalovuja, maji hayakauki: hapo mafunjo. Na upande wa ndani, chini ya ukuta mrefu, kivuli asubuhi, kivuli mchana, kivuli jioni, udongo mweusi, maji yananyweka taratibu, uzi umelala. Mahali pa makangaga na begonia kama pameandikiwa.

Halafu kwenye ukuta huo, usawa wa kifua changu, kulikuwa na masanduku meupe tisa ya bati, yamejipanga. Mkaza mwanangu akauliza ni nini. Nikamwambia hivi ni viyoyozi, wewe mtoto, vinavyowapa baridi humo ndani. Nikaweka kiganja. Bati la baridi kama bilauri. Nikafurahi. Nikasema moyoni, kiyoyozi ni baridi, hata kikivuja huku nje kitavujisha baridi, na kangaga hupenda baridi kuliko mtu mwenye homa. Kwa hiyo yale makangaga makubwa, yale niliyoyakuza miaka mitano, niliyomkatalia nayo daktari wa meno aliyetaka kuyaweka juu ya paa, nikayapanga chini ya masanduku hayo kabisa. Tisa, kila sanduku na kangaga lake.

Kumbuka kwamba sijawahi kufanya kazi ya ofisini. Humo ndani nilikuwa sijakaa hata dakika moja. Sisemi ili unihurumie, nasema ili uelewe.

Wiki ya kwanza ikapita vizuri. Wiki ya pili makangaga yakaanza kuwa na rangi ya chai kwenye ncha. Nikaingia alfajiri, nikatia kidole udongoni: umelowa. Nikamgeukia mkaza mwanangu, "Umeyazamisha."

"Mama, namwagilia kwa kipimo chako. Kopo moja."

"Kopo gani? La maziwa au la rangi?"

"La maziwa, Mama. Ulilolichagua mwenyewe."

Tukapunguza maji. Yakazidi. Tukaongeza maji. Yakazidi. Nikabadilisha mboji, nikanusa mizizi, mizizi mizima, myeupe inang'aa! Mizizi mizima na majani yanakunjamana kama karatasi iliyotolewa jikoni. Begonia zikadondosha maua yote asubuhi moja. Miaka arobaini ya kazi, sijaona kitu kama hicho. Nikawa nalala nacho, nakula nacho. Nikamshuku mfagizi kwamba anamwaga maji ya sabuni. Akaniapia, akalia kidogo, nikamwachia. Nikamshuku Kifuli, mambo yake ya kujificha nyuma ya ukuta akibanwa haja. Akaninunia siku mbili.

Halafu nikapata jibu lililonipendeza. Nani anafaidi makangaga yakifa?

Siku ya ishirini na sita nikavuka barabara. Plastiki alikuwa anafuta alizeti zake. Watu walikuwepo, sikungoja waondoke.

"Umemwaga nini kwenye mimea yangu? Chumvi? Maji ya moto?"

"Shikamoo, shangazi."

"Usinisalimie! Nimekuuliza."

"Mimi uwanjani naingiaje? Kifuli hata vumbi halipiti kwake."

"Jana umeingia. Nimeambiwa umeingia na mzigo."

"Niliitwa na meneja nipeleke mfano mmoja. Kangaga la plastiki. Kaliweka pale ukutani katikati ya maiti zako, alinganishe." Akakunja kitambaa chake polepole. "Shangazi, ua langu halihitaji la kwako life. Watu wanalinunua kwa sababu wamechoka kuzika."

Watu wakacheka. Mwenye duka la viatu akacheka mpaka akashika ukuta. Nikarudi upande wangu, na mkaza mwanangu ananiambia kwa sauti ndogo, "Mama, twende siku ya kazi. Siku moja tu, tukaangalie."

Zimebaki siku nne. Nikamwambia, "Kifuli hatatufungulia."

Akasema, "Mteja anamfungulia."

Siku iliyofuata nikavaa nguo yangu ya kwenda kwenye harusi za watu, nikaingia ofisini kama mteja. Msichana wa mapokezi akanipa kikaratasi chenye namba. Sitini na mbili. Akauliza, "Bibi, shida yako ni ipi?" Nikamwambia nitaikumbuka nikifika dirishani. Nikaenda kukaa kwenye benchi la karibu na kioo, mahali pa kuuona uwanja.

Baridi ya humo! Nilijifunika mtandio mpaka masikioni. Nikasema, hii ndiyo baridi yenyewe, makangaga yanapewa raha hii halafu yanakufa, mashetani makubwa. Nikayatazama. Yamesimama makavu, kahawia, tisa. Katikati yake kangaga la Plastiki, kijani kama limepakwa jana.

Na lilikuwa linatetemeka.

Nikasugua macho. Mafunjo kule konani yametulia, hata unywele mmoja haujacheza. Bogenvilia imetulia. Kangaga la plastiki linatetemeka kama mtu mwenye malaria, majani yake yote yameelekea upande mmoja, yanataka kuukimbia ukuta. Makangaga yangu nayo yalikuwa yanatetemeka, lakini yaliyokauka huwa mepesi, ningeweza kujidanganya. Plastiki haina kiu. Plastiki haina ugonjwa. Kitu kinachotikisa plastiki hakitoki udongoni.

Nikainuka. Namba sitini na mbili nikaiacha benchini. Nikasukuma mlango wa kioo, Kifuli akapiga kelele, "Bibi! Bibi, leo ni siku ya kazi!" Nikaenda moja kwa moja hadi ukutani, nikaweka kiganja mbele ya sanduku.

Moto. Pumzi ya pasi. Masanduku yote tisa yanavuma, yanapuliza, yameyaelekezea makangaga yangu hewa ya jikoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, siku sita kwa wiki. Alfajiri ninapokuja mimi, yamelala. Jumapili yamelala. Ile baridi ninayojifunika mtandio nayo huko ndani, joto lake lote linatemwa hapa. Aliye kwenye baridi hajui, maana anayetupiwa joto hana mdomo.

Nilisimama pale, nikataka kupiga bati lile ngumi.

Mlango ukafunguka. Meneja, na nyuma yake Kifuli anahema, na nyuma ya Kifuli mkaza mwanangu aliyekuwa amenisubiri nje, na wateja wamebandika nyuso kwenye kioo. Tena yupo Plastiki, sijui aliitwa na nani, huyo anasikia ugomvi kabla haujazaliwa.

"Bibi, kuna nini?"

Neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa tayari: mashine zenu zimeniulia mimea. Nikalisema. Nikalisema kwa sauti, mpaka wa kwenye kioo wakasikia.

Meneja akaweka mkono wake mbele ya sanduku, akauondoa haraka. Kila siku yuko kazini pale, alikuwa hajajua. Kisha akasema taratibu, bila ubaya, "Lakini Bibi, mashine zilikuwepo kabla ya mimea."

Nikamtazama Kifuli, Kifuli akatazama viatu. Ningeweza kusema, ni huyu aliyenizuia siku za kazi. Na ni kweli alinizuia. Lakini yule mtoto, mke wa mwanangu, alikuwa amesimama pale amefumba mdomo. Ule mdomo usio na pazia! Siku hiyo ndipo ulipofumbwa. Alikuwa ananingoja. Na mimi nilijua kwamba nikimsingizia Kifuli, yeye hatasema kitu mbele ya watu, atabeba ndoo na kurudi kitaluni, na hataniambia tena lolote la maana mpaka nife. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu asiyesikia la mdogo, huyo anavunjika nini?

Nikasema, "Nilipima Jumapili."

"Samahani?"

"Nimesema nilipima Jumapili! Mahali hapa Jumapili ni kivuli na siku ya kazi ni tanuri. Huyu mkwe wangu aliniambia tuje siku ya kazi, nikamjibu jua halina kalenda. Kosa ni langu. Kivuli si tatizo, udongo si tatizo, tatizo ni kwamba nimepanda mimea ya bondeni mbele ya mdomo wa jiko." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulowa, nikamgeukia Plastiki. "Na wewe hukumwaga kitu."

"Sikusikia, shangazi."

"Umesikia."

"Kuna kelele za mashine."

Nikarudia. Miaka sita alikuwa anaingoja siku ile, nami nikampa mara mbili.

Meneja akasema zimebaki siku tatu. Nikamwambia nipe moja ya hizo, ya kazi, na Kifuli akae mbali. Akanipa.

Tukapima upya, mimi na yeye mkaza mwanangu, wateja wakitutazama kama sinema. Safari hii nilimpa yeye uzi. Mbele ya masanduku ukasimama wima, umenyooka kama umeshikwa na mtu. Tukaurudisha nyuma hatua moja moja mpaka ulipolala. Hatua tano. Basi hatua tano zile ni za mimea inayohifadhi maji yake tumboni: ile ya majani marefu yaliyosimama kama panga, ambayo haijali jua wala kivuli, na ule mmea wa miiba wenye viua vyekundu vidogo kama vifungo. Huo wa miiba sikuupa nafasi mbele ya ukuta mrefu, nikauweka mwishoni jua linapogusa, maana bila jua hautoi ua. Mimi kitaluni nauita Mkaidi. Mkaza mwanangu akasema, "Mama, huu umeitwa kwa jina la nani?" Nikamwambia ashike koleo. Udongo mweusi tukautoa nusu, tukachanganya kokoto, kwa kuwa mimea ya namna hiyo ukiitilia udongo wa kangaga inaoza kwa shibe. Makangaga nikayakata mpaka chini, nikayahamishia nyuma ya mafunjo, kwenye unyevu, uzi umelala. Mizizi ilikuwa mizima, niliwaambia.

Siku ya mwisho meneja akaja na karatasi yake. Akazunguka. Mapanga yamesimama. Mkaidi una maua manne. Kwenye makangaga saba kati ya tisa, kumetokeza vile vichwa vichanga vilivyojikunja kama ngumi ya mtoto. Mawili yalikufa. Nayataja kwa sababu nilikuwa nayo miaka mitano.

Akasema, "Bibi, sijui kama nikuandikie barua au nisikuandikie. Uwanja ni mzima, lakini si uliopandwa mwezi uliopita." Akafikiri. Kisha akaandika barua mbili. Kumi na saba na kumi na saba. Hatua kumi na saba ni zangu, upande wa ndani, mbali na lango. Hatua kumi na saba, upande wa lango, palipo na wapita njia, ni za Plastiki, kwa sababu, alisema meneja, bila lile kangaga lake tusingejua.

Mnaiona haki hiyo? Miaka kumi na tisa! Sasa tumetenganishwa na kamba. Ananiazima ndoo. Mteja akimwendea akitaka ua la kuweka mahali pagumu, anamleta kwangu mwenyewe, amemshika mkono, anasema, "Muulizeni shangazi yangu, anajua kazi, alifundishwa na plastiki." Siku nyingine nami nampelekea wateja wa chini ya tangi, wale wenye viatu vinavyolia. Lakini sijasema nimeridhika, na mwalimu asiandike chini hapa kwamba nimeridhika.

Barua yangu nimeisoma mwenyewe. Neno kwa neno, kwa kidole. Mkaza mwanangu alitaka kunisomea nikamkatalia. Halafu nikamuuliza kama nimesoma sawa, akasema sawa, Mama.

Mimi nimeandika, mkono unauma. Sasa ni zamu yako wewe unayesoma. Jumatatu, si Jumapili, toka mlangoni kwako na vijiti vitatu. Chomeka saa mbili, saa saba, saa kumi na moja. Funga uzi. Kama nyumba yako au ya jirani ina sanduku linalovuma ukutani, weka kiganja mbele yake likiwa linavuma. Chota konzi ya udongo, tia kwenye kopo, andika juu ya kopo ulichokiona, kwa mwandiko wako mwenyewe hata ukiwa mbaya kama wangu, na uniletee hatua za ndani, baada ya kamba. Kopo nitabaki nalo, makopo yameniishia. Ukija mikono mitupu ukanyoosha kidole kwenye lile jekundu, nitakuelekeza kwa Plastiki.